Kicheko cha "Nipe Ngazi"

4 Februari

Kwa Mtangazaji wa kipindi cha Nyuma ya Gitaa,

Salamu. Mimi ni mwokaji mikate mstaafu, na kila Jumamosi nakusikiliza. Nimejifunza mengi kwako. Ulipotuambia kwamba ule wimbo wa roki wanaouimba vijana kwenye mpira ulipigwa kwa sanduku la nguo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshikilia dramu za bendi, nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Uliposema mwimbaji wa ule wimbo wa huzuni hakuwa analia bali alikuwa na mafua, na fundi mitambo akakataa kurudia kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani, niliamini mara moja. Mafundi nawajua.

Lakini Jumamosi iliyopita umenikosea. Ulisema kile kicheko cha mwanamke kilichoko mwishoni mwa wimbo wa "Nipe Ngazi" wa Viatu Vyeupe ni cha yule mwigizaji maarufu wa zamani. Si kweli. Kicheko kile ni cha mke wangu, aliyefariki mwaka jana.

Jambo la pili. Kila ukiupiga wimbo huo, gitaa likianza kushuka tu, wewe unaingia na habari za hali ya hewa. Kicheko kinabaki chini yako kama mtu aliyekaliwa. Nilivumilia wakati mke wangu yupo, maana nikitaka kusikia sauti yake nilikuwa namwita tu. Sasa siwezi kumwita. Picha zake zipo za kutosha kufunika ukuta, lakini hakupenda kurekodiwa, akiona simu imeelekezwa kwake anageuka. Sauti yake pekee iliyobaki duniani ni hiyo iliyo mwishoni mwa wimbo, na wewe unaifunika kwa mvua za kesho.

Naomba usahihishe hewani. Ningepiga simu, lakini sikio langu la kushoto limeshaaga na la kulia linafungasha.

Ni mimi,
Mwokaji Mstaafu


11 Februari

Mzee wangu Mwokaji,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili mbele ya wenzangu, na mhariri wetu amekiri kwamba tunaongea juu ya miisho ya nyimbo. Si mimi peke yangu, ni ugonjwa wa watangazaji wote. Ukutani tuna saa kubwa, na chini ya saa amekaa mhariri mwenye jicho kubwa kuliko saa. Wimbo ukianza kuisha anaona hewa inapotea bure. Nisamehe.

Kuhusu kicheko, mzee wangu, hapo naomba tuelewane. Mwigizaji mwenyewe aliwahi kusema gazetini kwamba ni chake, na kwa miaka mingi hakuna aliyempinga. Tangu Jumamosi nimepata barua nyingine pia. Muuguzi mmoja anasema ni chake, mama mmoja muuza mitumba anasema ni cha dada yake, na bwana mmoja anaapa kwamba ni yeye mwenyewe, enzi hizo sauti haijakomaa. Wimbo ukiwa maarufu kila mtu alikuwepo siku unarekodiwa. Hata hilo jina la "Nipe Ngazi" watu wamelipa maana za mapenzi na za siasa, wakati mwimbaji alilitunga akiwa juu ya paa la studio, amepanda kurekebisha antena, na wenzake wakaondoka na ngazi.

Kwa hiyo nieleze: mkeo alifikaje studio siku ile? Nikipata la kushika nitasahihisha, tena kwa furaha. Nitaulizia pia ulipo mkanda wa kwanza, ule waliorekodia kabla santuri haijachapwa.

Wako,
Dada Gitaa


20 Februari

Mwanangu Dada Gitaa,

Marahaba. Kuuliza si ujinga, nitakujibu.

Studio ile ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Korido ilikuwa moja. Upande huu studio, upande ule chumba cha kubandika majalada ya santuri. Mke wangu, ambaye wakati huo hakuwa mke wangu, alikuwa mbandikaji. Kazi yake kukunja karatasi ngumu, kupaka gundi kwa brashi pana, kukandamiza na kupanga. Mikono yake ilikuwa na gundi muda wote, na wenzake walimwita Gundi. Alilipenda jina hilo mpaka akazeeka nalo.

Mimi nilikuwa kijana wa kupeleka mikate, natoka kiwandani na kikapu, napita ofisi kwa ofisi. Nilimwona mlangoni kwake nikakosa usingizi. Mwanangu, yule binti alikuwa na maringo. Wiki nyingi nilipita pale bila kupata salamu yake hata moja. Nikaanza kumletea mkate wa ziada kila Ijumaa, ule wa mwisho wa tanuri, ulioiva vizuri juu. Nikaupeleka kiangazi na masika. Baadaye akaanza kunijibu, kisha kucheka kidogo, kisha nikapeleka washenga. Kumpata yule mwanamke ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na mimi nimebeba magunia ya unga.

Wimbo ulipotoka tulikuwa tumeshachumbiana. Niliusikia kwenye redio ya kiwandani, kile kicheko kikanipiga kifuani. Jioni nikamwambia nimekusikia redioni. Basi ndivyo nilivyojua.

Sasa nakueleza kwa nini nimeng'ang'ania. Siku ya kipindi chako shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa kwangu. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo miaka yote dada alikudanganya, na wewe ukameza!" Wajukuu wakacheka naye, kwa kuwa redio imesema. Binti yangu mkubwa, huyu aliyerithi masikio yangu, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Mke wangu hakuwa mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi na yeye tumetembea ndefu.

Kama mkanda upo, nataka pia nijue jambo moja. Nani alimchekesha siku ile? Hilo ndilo hasa ninalotaka kujua, kabla sikio hili la pili halijaniacha.

Katibu wa studio alikuwa rafiki yake. Mwanamke mnene mcheshi, alikaa mezani karibu na ngazi. Baada ya harusi yetu alihamia mji mwingine tukapoteana. Akipatikana yeye, mzizi wa fitina umekatwa.

Mwokaji


1 Machi

Kwa Mama, uliyekuwa katibu wa studio,

Shikamoo. Mimi ni mtangazaji wa redio. Anwani yako nimepewa na mwenye duka la rangi lililoko chini ya iliyokuwa studio yenu. Anasema bado mnatumiana salamu kila mwaka mpya.

Natafuta ukweli wa kile kicheko cha "Nipe Ngazi". Mume wa Gundi, mbandikaji wa majalada, ameniandikia kwamba ni cha mkewe. Gundi amefariki mwaka jana. Samahani kama ndiyo kwanza unasikia kutoka kwangu. Mumewe hana sauti yake nyingine popote, na anakutaja wewe kama shahidi. Je, ulikuwepo? Na mkanda wa kwanza, unajua ulipokwenda?

Wako,
Dada Gitaa


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa. Gundi amekufa na mimi sijui. Nililia mpaka mwanangu akatoka chumbani kwake kuuliza nani amenipiga. Tulipotezana kwa uzembe tu, kila mmoja akisubiri mwenzake aandike kwanza. Usimfanyie hivyo rafiki yako.

Haya, kicheko. Sitakuzungusha. Kicheko kile ni changu.

Usishangae. Njoo hapa nikuchekee uhakikishe, majirani watakuwa mashahidi. Ilikuwa hivi. Mpiga dramu wa Viatu Vyeupe alikuwa na mkono wa kubomolea nyumba. Fundi mitambo wetu akaona ndani ya chumba dramu zinafunika kila kitu, akatundika maikrofoni moja nje, kwenye korido, pale juu ya ngazi, ikamate mwangwi wake tu. Ukisikiliza wimbo utasikia dramu zinatoka mbali kama ziko kisimani. Watu wanaandika vitabu juu ya sauti ile. Ni korido yetu tu, pamoja na ndoo ya mfagizi.

Taa nyekundu juu ya mlango ikiwaka, korido nzima inanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Siku hiyo balbu ilikuwa imeungua na hakuna aliyejua. Mimi nikawa nimekaa mezani kwangu nikidhani wanapumzika. Gundi akaja na kopo kuomba maji ya kupunguzia gundi, tukaanza maongezi. Nikamuuliza jambo, akanijibu, na jibu lake ndilo lililonifanya nicheke namna ile. Mara mlango ukafunguka, fundi huyo, uso kama amemeza ndimu. Tukajua tumekwisha. Nyuma yake wakatoka wale wavulana wa bendi wakishangilia, wanasema mwisho ndio huo, usiguswe. Fundi akayakata maneno yetu, akabakiza kicheko.

Bosi aliniambia likijulikana kwamba ni katibu wake anayepiga kelele kazini, nitafute meza nyingine. Nikafunga mdomo. Alipojitokeza huyo mwigizaji nikamwachia. Kicheko si shamba, kwamba tutafikishana mahakamani.

Gundi alisema nini, hilo siandiki. Alinishika mkono kwa mkono wake wenye gundi mpaka tukagandana, akaniapisha. Sikumwambia mtu hata alipoolewa, na hata leo amekufa sitamwambia mtu. Mkanda ukiwepo, utasema wenyewe. Fundi hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alipoacha kazi mikanda yote aliishusha kwenye stoo ya duka la rangi, nyuma ya madebe.

Na huyo kijana wa mikate, mpe pole yangu. Alikuwa mtu mwema, ila masikio yake hayakumsaidia.

Mimi,
Katibu


14 Machi

Mzee wangu Mwokaji,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Katibu nimempata, anakupa pole nyingi. Alikuwa hajapata habari ya msiba, na imemuumiza sana.

Kuhusu kicheko bado naendelea kufuatilia. Kuna uwezekano mkanda upo. Nitakuandikia.

Wako,
Dada Gitaa


22 Machi

Mwanangu,

Nimeokea watu mikate maisha yangu yote. Mkate ukitoka mdogo, najua kuna kitu hakikuwekwa. Barua yako ya mwisho ilikuwa ndogo.

Katibu umempata na hujaniambia alichosema. Kwa hiyo alichosema hakinifai. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, na katika kukaa nimekumbuka vizuri zaidi, nikaona nikusaidie, usiendelee kubeba mzigo wangu.

Nilikuandikia kwamba mke wangu hakuwa mwongo. Sasa sikiliza. Siku ile jioni nilipomwambia, "Nimekusikia redioni, ni wewe yule unayecheka," yeye hakusema ndiyo. Alijifunika mdomo kwa kiganja, akainama, mabega yakamtikisika, kisha akaniambia nile mkate wangu. Mimi nikahesabu kwamba amekubali. Miaka yote nikiwasimulia watu mbele yake, yeye huinuka kwenda jikoni. Nilidhani ni haya. Hakuwahi kuniambia ni yeye, ni mimi niliyemwambia. Kama kuna aliyenidanganya, ni mimi mwenyewe.

Kuna lingine, na hili sijawahi kulisema kwa mtu. Kicheko kile kikubwa sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu. Mke wangu alicheka kimya kimya, kiganja mdomoni. Nilijaribu, mwanangu. Nilisoma vichekesho gazetini nikavihifadhi kwa kichwa. Niliiga sauti ya bosi wangu, nikacheza na unga usoni kama mwendawazimu. Alicheka, lakini kwa kiganja. Kile cha kwenye wimbo, cha kuacha mdomo wazi, hakikutoka hata mara moja. Kwa hiyo moyoni nilijua kwamba kabla yangu kuna mtu aliyewahi kumfurahisha kuliko nilivyoweza mimi. Wakati mwingine, wimbo ukipigwa, nilikuwa naondoka chumbani. Nilikipenda kile kicheko na kiliniuma.

Ndiyo maana nilikuuliza nani alimchekesha. Ukiwa umegundua kwamba ni mmoja wa wale wavulana wa gitaa, niambie tu. Mimi ni mtu mzima. Mficha uchi hazai, na wewe bado kijana.

Mwokaji


5 Aprili

Mzee wangu,

Umenikamata, na naomba radhi. Niliogopa. Nilikuwa na jibu mkononi nikakuandikia mistari mitatu ya kukwepa, tena mimi ndiye ninayekaa hewani kila wiki nikijisifu kwamba nafichua ukweli wa nyimbo.

Kicheko si cha mkeo. Ni cha Katibu. Ameniandikia mwenyewe, na nimeshamsikia akicheka kwenye simu, hakuna shaka yoyote, mhariri aliyekuwa mbali na simu aligeuka. Maikrofoni ilikuwa imetundikwa nje kukamata mwangwi wa dramu, balbu ya taa nyekundu ilikuwa imeungua, na wao wawili walikuwa wakiongea bila kujua. Katibu anasema alicheka kwa sababu ya kitu alichosema mkeo. Kitu gani, amekataa kuniambia, aliapishwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye duka la rangi na mwenzangu wa mitambo. Stoo yao haina dirisha. Tulihamisha madebe mpaka mikono ikawa ya kijani, tukaikuta mikanda imefungwa kwenye turubai, mmoja umeandikwa jina la wimbo kwa penseli. Unanuka siki, kama mikanda inayoanza kuoza, na tuliogopa utakatika. Mwenzangu aliuzungusha taratibu sana, mara moja tu, tukanakili.

Mzee wangu, alichokata fundi ni nakala ya santuri. Kwenye mkanda wa kwanza hakukata kitu. Dramu zinaisha, gitaa linashuka, halafu kuna korido. Kuna hatua za viatu, kuna kopo linalowekwa mezani, halafu kuna mwanamke anaongea. Si Katibu, sauti ya Katibu sasa naijua. Ni mwingine, sauti nyembamba, haina haraka, kila neno analiweka mahali pake.

Nimesikia anachosema. Sitakuandikia, kwa sababu si mimi ninayepaswa kukupa. Nimekwambia tu ili usiishi siku nyingine ukiwaza wavulana wa gitaa.

Nakutumia nakala kwa mkono wa dereva wetu anayepita huko, pamoja na mashine ya kuichezea na hedifoni zangu za kazini, zile kubwa. Weka upande wa kulia vizuri. Mwambie binti yako akusaidie kuongeza sauti. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi na mwenzangu, na haitakwenda hewani mpaka useme.

Wako,
Dada Gitaa


19 Aprili

Mwanangu Dada Gitaa,

Dereva wako alifika Jumapili mchana, kijana mpole, nikampa chai. Alipoondoka sikufungua kitu. Nilifua shati, nikalianika, nikafagia uani, nikarudi nikakuta mashine iko palepale mezani. Binti yangu mkubwa akanikalisha, akanivalisha zile hedifoni, akasema, "Baba, usiponiambia nibonyeze, sibonyezi." Nikamwambia abonyeze.

Dramu nikazisikia, gitaa nikalisikia. Halafu, kama ulivyosema, korido. Viatu vyake ninavijua, vilikuwa na chuma kisiginoni. Na kopo lile ninalijua.

Nakuandikia maneno yenyewe, ingawa umeyasikia, kwa kuwa nataka kuyaandika kwa mkono wangu mara moja.

Katibu anauliza, "Huyu kijana wa mikate mbona haishi kupita hapa? Ofisi yenyewe hatuli mikate yote hiyo."

Mke wangu anasema, "Huyo ndiye nitakayeolewa naye."

Katibu: "Ameshakuambia?"

Mke wangu: "Hajasema neno. Nimemsalimia asubuhi na jana pia, anapita tu kama gari la taka. Masikio yale makubwa, lakini hayasikii kitu. Watoto wetu wakiyarithi itabidi niwasuke nywele za kuyafunika. Ila nimeshamchagua. Namwacha kwanza alete mikate, asije akasema alinipata kwa urahisi."

Hapo ndipo Katibu anapocheka.

Nilimwomba binti yangu arudishe, akarudisha, tena na tena mpaka hedifoni zikawa na joto. Sauti yake nilikuwa nimeanza kuisahau, mwanangu. Sikutaka kukiri. Nilikuwa nakumbuka maneno yake lakini yanatoka kwa sauti yangu mwenyewe. Sasa anasema mwenyewe. Nililia, sioni haya kukuambia.

Kisha nikampa binti yangu naye asikilize. Alisikiliza ametulia mpaka pale pa watoto. Nikamwona mkono unapanda taratibu kichwani, unashika nywele. Tangu akiwa mdogo mama yake alimsuka mistari ya kushuka pembeni, akikataa anafokewa, na shule nzima wakiwa wamenyoa yeye aliombewa ruhusa ya kusuka. Hakuna aliyejua kwa nini. Mtu mzima, mama wa watoto, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akalia.

Nimewaza sana kwa nini mke wangu hakunisahihisha. Jibu ni jepesi. Angesema, "Si mimi, ni Katibu," ningemuuliza, "Katibu alikuwa anacheka nini?" Na hapo angelazimika kuniambia kwamba alinichagua kabla sijafungua mdomo. Akaona heri aende jikoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu wa mke wangu umenifikia akiwa kaburini.

Maringo niliyokuandikia, nayafuta. Alinisalimia. Ambaye hakusikia ni mimi.

Na lile lililokuwa linaniuma, limekwisha. Hakuna mtu aliyemchekesha kuliko mimi. Kile cha kiganja ndicho kilikuwa kicheko chake chote, na nilikipata mimi. Siku ile aliyechekesha ni yeye, na kichekesho kilikuwa mimi na kikapu changu. Nimeridhika sana na nafasi hiyo.

Sasa la hewani. Tangaza kwamba kicheko ni cha Katibu. Ni haki yake, amekaa bila haki yake muda mrefu, na mwigizaji ana sifa nyingine za kumtosha. Waambie habari ya balbu na ndoo ya mfagizi, watu watafurahi. Waambie kwamba kulikuwa na rafiki yake, mbandikaji wa majalada, aliyemchekesha. Maneno yenyewe usiyatangaze. Hayo hakumwambia mtu ila Katibu, na mimi nimeyapata kwa bahati ya balbu. Shemeji yangu nimemsikilizisha mara moja, kwa sababu za haki. Alivua hedifoni akasema, "Dada huyo," akaenda kukaa uani peke yake. Hajanitania tena.

Katibu ameniandikia kwamba atakuja wiki ijayo kuzuru kaburi. Nitaoka, ingawa mkono si ule wa zamani.

Hedifoni zako nitazirudisha. Nipe muda kidogo.

Ukiupiga wimbo Jumamosi, uache uishe wenyewe. Mimi nitakuwa nasikiliza, na baada ya kicheko nitakuwa najua kilichotangulia.

Nimebaki na jambo moja tu la kuchekesha. Ile mikate yote ya Ijumaa, ya mwisho wa tanuri, niliyoichagua kwa macho na kuikinga na mvua kwa koti langu, kumbe haikuwa na kazi. Mambo yalikuwa yameshaamuliwa pale kwenye ngazi. Ningeweza kuiacha kiwandani.

Ningempelekea tu.

Mwokaji, mume wa Gundi